Wahadzabe, GPS na Vihisi vya Mwilini: Tulichojifunza kwa Kupima

Kwa muda mrefu, mtafiti aliyetaka kujua binadamu hutembea umbali gani kwa siku alikuwa na njia mbili tu: kumuuliza au kumfuata. Anayeulizwa hujibu kwa kukadiria, na mara nyingi hujibu kile anachodhani muulizaji angependa kukisikia. Anayefuatwa hubadili mwenendo wake kwa kuwa anajua anafuatwa, na hata asipobadili, mtafiti mmoja hawezi kuandamana na watu thelathini wanaotoka kambini asubuhi kila mmoja na njia yake. Vifaa vidogo vya GPS na vihisi vya mwendo vinavyovaliwa mkononi au pajani vimepunguza sana tatizo hilo. Nimesoma tafiti za aina hii kutoka nchi nyingi, na bado naona mfano ulio wazi kuliko yote uko hapa hapa Tanzania, katika kazi iliyofanywa pamoja na Wahadzabe wa eneo la Ziwa Eyasi.

Wahadzabe wote ni kiasi cha watu elfu moja na kitu, na si wote wanaoendelea kuishi kwa kuwinda na kukusanya. Wale wanaoendelea hula mizizi, matunda ya porini, ubuyu, asali na nyama. Wanawake hutoka kwa makundi wakiwa na fimbo zilizochongwa kwa ajili ya kuchimbia mizizi, na wanaume hutoka na pinde na mishale, mara nyingi kila mtu peke yake. Wanaanthropolojia wamekuwa wakiwatembelea kwa miongo mingi, na wengi wamewaandika kwa namna isiyonipendeza, kana kwamba ni mabaki ya zama za kale yaliyosahaulika porini. Ni watu wa leo, wenye simu kwa baadhi yao, wenye watoto shuleni, na wenye kesi za ardhi. Jambo ninaloliheshimu katika tafiti za vifaa ni kwamba zimewapima kama watu wanavyopimwa popote pengine, na mara nyingi vipimo vimepinga jambo fulani ambalo wasomi walikuwa wameshaliamini.

Tuanze na GPS yenyewe, kwa kuwa wengi wetu tunaibeba mfukoni bila kujua inavyofanya kazi. Setilaiti zake huzunguka dunia zikiwa juu kiasi cha kilomita 20,200, na kila moja hutangaza mahali ilipo na saa kamili. Kifaa hakitumi kitu chochote huko juu, hupokea tu. Kwa kupima muda ambao ishara za setilaiti zisizopungua nne zimetumia kufika, hukokotoa mahali kilipo. Hadi mwaka 2000, serikali ya Marekani ilikuwa ikiivuruga kwa makusudi ishara inayopokewa na raia, hivyo kosa liliweza kufika mita 100. Rais Bill Clinton aliamuru uvurugaji huo ukome mwezi Mei mwaka huo, na tangu hapo kifaa cha kawaida kimeweza kuonyesha njia aliyopita mtu kwa kosa la mita chache pakiwa pa wazi. Kwa anayetaka kujua mwanamke ametoka kambini, ameelekea bonde lipi na amechimba wapi, tofauti hiyo ni kubwa mno.

Hata mita hizo chache zina shida yake. Mtu anapoketi chini ya mbuyu kwa saa nzima, kifaa chake hakitulii. Nukta zake huyumba huku na huku, hasa pakiwa na matawi mazito au majabali yanayorudisha ishara, na ukiziunganisha zote kwa mstari utapata mtu aliyetembea mamia ya mita bila kunyanyuka. Kwa hiyo kabla ya kusema fulani ametembea kilomita kadhaa, mtafiti hulazimika kuamua ni mwendo upi wa kweli na upi ni myumbo wa kifaa. Ninapousoma utafiti wa namna hii, sehemu inayoeleza jinsi data zilivyosafishwa huwa naisoma kabla ya matokeo, kwa sababu matokeo yote yamesimama juu yake.

Mwaka 2012, Herman Pontzer na wenzake, akiwemo Profesa Audax Mabulla wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walichapisha utafiti wa watu wazima 30 wa Kihadzabe. Kwa GPS waliona kwamba wanaume walitembea kwa wastani zaidi ya kilomita 11 kwa siku, na wanawake karibu kilomita 6. Sambamba na hilo walipima nguvu ambayo mwili unatumia, kwa njia ya maji maalumu yenye hidrojeni nzito na oksijeni nzito. Mshiriki huyanywa, kisha mkojo wake hupimwa kwa siku kadhaa. Hidrojeni hutoka mwilini kama maji tu, ilhali oksijeni hutoka kama maji na pia kama hewa ya kaboni katika pumzi, na tofauti ya kasi ya kutoka kwake hueleza ni hewa kiasi gani ya kaboni imezalishwa, na kwa hiyo ni nguvu kiasi gani imetumika.

Kila mtu alitarajia kwamba watu wanaotembea hivyo kila siku, wanaochimba mizizi katika ardhi ngumu na kubeba maji na kuni, watakuwa wanatumia nguvu nyingi kuliko mfanyakazi wa ofisini wa Marekani au Ulaya. Haikuwa hivyo. Baada ya kuzingatia ukubwa wa mwili, matumizi ya siku nzima yalilingana. Maelezo ambayo Pontzer ameyatetea tangu hapo ni kwamba mwili hupanga bajeti yake: ukitumia zaidi katika kutembea, hupunguza mahali pengine. Wapo wanasayansi wanaoendelea kubishana naye kuhusu ukubwa wa jambo hilo, na mjadala wao ni wa haki. Lakini kipimo chenyewe kipo, na bila mtu kuyabeba maji yale na vifaa vile hadi Eyasi, tungeendelea kurudia kwa uhakika jambo ambalo halijapimwa.

Isidhaniwe kwamba mwendo hauna faida. Vihisi vya mapigo ya moyo, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, vilionyesha kwamba Wahadzabe walitumia takriban dakika 135 kwa siku katika shughuli zenye nguvu ya wastani au zaidi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za shughuli za wastani kwa wiki. Yaani karibu kile tunachohimizwa kukitimiza kwa wiki nzima, wao walikuwa wakikipata kwa siku moja, na vipimo vya damu na shinikizo lao vilikuwa vya watu wenye mioyo salama.

Utafiti wa usingizi ndio ulionigusa zaidi. Mwaka huo huo wa 2017, David Samson na wenzake walieleza jinsi walivyowavisha watu wazima 33 vifaa vya mkononi vyenye kihisi cha mwendo kwa siku 20. Katika zaidi ya saa 200 za vipimo, dakika ambazo watu wote walikuwa usingizini kwa pamoja zilikuwa 18 tu. Hakuna aliyepangwa zamu ya ulinzi. Wazee walilala mapema na kuamka mapema, vijana walichelewa kulala, mmoja aligeuka, mwingine akaamka kuchochea moto au kumtuliza mtoto, na kwa jinsi hiyo kambi ilikuwa na mtu macho karibu usiku kucha. Mzee anayeamka saa tisa za usiku na kukaa akiisubiri alfajiri, ambaye mjini angeambiwa ana tatizo la usingizi, huenda anafanya kazi ambayo wazee wamewafanyia wenzao kwa maelfu ya miaka. Nasema huenda, kwa sababu kihisi cha mkononi hupima mkono kutikisika. Aliyelala kimya huku akiwaza anaweza kuhesabiwa kuwa amesinzia.

Hapo ndipo tunapofika kwenye mipaka ya kifaa, na mfano mzuri ni utafiti wa mwaka 2020 ulioongozwa na David Raichlen kuhusu kupumzika. Kifaa kilivaliwa pajani, na kikaonyesha kwamba Wahadzabe hupumzika karibu saa 10 kwa siku, kiasi kisichotofautiana sana na cha watu wa mijini katika nchi za viwanda. Kama utafiti ungeishia hapo, tungeambiwa kwamba kukaa ni kukaa. Lakini kifaa cha pajani hujua zaidi kama paja limesimama au limelala. Si rahisi kijue kama mwenyewe yuko kwenye kiti cha kuegemea, juu ya jiwe, au amechuchumaa kando ya moto. Ilibidi watu wawepo kambini, waangalie na kuandika ni nani amekaaje. Ndipo ilipoonekana kwamba sehemu ya mapumziko hayo ni ya kuchuchumaa na kupiga magoti, na vipimo vya misuli vikaonyesha kuwa misuli ya miguu hufanya kazi zaidi mtu akichuchumaa kuliko akiketi. Namba ilitoka kwenye kifaa, na maana yake ikatoka kwa mtu aliyekuwa akitazama. Ninasikitika kuona miradi mingi siku hizi ikinunua saa za kuvaa mkononi kwa mamia na kupunguza bajeti ya watu wa kukaa na washiriki.

Mkusanyiko mkubwa kuliko yote ni ule ulioongozwa na Brian Wood na kuchapishwa mwaka 2021: siku 2,078 za mtu mmoja mmoja zilizorekodiwa kwa GPS. Ulithibitisha kwamba wanaume walikwenda mbali zaidi, walipita eneo kubwa zaidi, njia zao zilipindapinda zaidi, na mara nyingi walikuwa peke yao. Kwa anayeyafahamu maisha hayo si jambo la kushangaza, kwani mzizi haukimbii na mnyama hukimbia. Thamani yake, kwa maoni yangu, iko mahali pengine: hiyo ni kumbukumbu ya nchi inavyotumiwa na watu wasiolima wala kujenga mazizi.

Ardhi ya mkusanyaji huonekana tupu kwa macho ya mgeni, na kwa sababu hiyo imemegwa na wafugaji na wakulima kwa miaka mingi. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Bonde la Yaeda walipata hati za haki miliki ya kimila kwa sehemu ya eneo lao, hatua kubwa iliyotokana na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Katika mashauri ya mipaka ya namna hiyo, ramani inayoonyesha kwamba watu wamepita bonde fulani siku baada ya siku, wakichimba hapa na kuteka maji pale, ni ushahidi ambao maneno matupu hayaufikii. Sioni sababu ya ushahidi huo kukaa katika kompyuta za vyuo vya ng'ambo huku waliotembea njia hizo hawana hata nakala moja.

Kuurudisha nako kunataka uangalifu. Utafiti wa mwaka 2013 wa Yves-Alexandre de Montjoye na wenzake, uliotumia data za simu za watu milioni moja na nusu, ulionyesha kwamba nukta nne tu za mahali na wakati zilitosha kumtofautisha mtu na wengine wote kwa asilimia 95 ya watu hao. Kufuta majina, basi, si ulinzi, na katika jamii ya watu elfu moja ulinzi huo ni hafifu zaidi. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamlinda mtu mmoja mmoja, lakini miti yenye mizinga ya nyuki, visima vya kiangazi na njia za wanyama ni siri za jamii nzima, na ramani yenye nukta kila baada ya sekunde chache inaweza kumpeleka mgeni moja kwa moja hadi hapo. Kwa hiyo nakala kamili ingebaki mikononi mwa Wahadzabe wenyewe, na wao, katika mkutano mkuu wa kijiji, ndio wangeamua ni kwa ukubwa gani wa kipimo njia zao zionyeshwe kwa halmashauri, kwa mahakama au kwa mtafiti anayefuata.