Jumatano ya Masasisho: Siku Moja ya Fundi wa Kompyuta Langoni

Watu wanaopita mbele ya duka langu hapa Langoni, Lamu, wakiniona nimekaa kimya nikiitazama skrini inayozungusha duara lake, huamini kwamba kazi yangu ni kungoja na kwamba fedha ninazotoza ni za kungoja. Hawajakosea sana. Lakini anayetaka kujua kinachongojwa ni nini na aje Jumatano inayofuata Jumanne ya pili ya mwezi. Jumanne hiyo ndiyo Microsoft hutoa masasisho ya usalama ya Windows, saa nne asubuhi kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani, ambayo kwetu ni saa mbili usiku, au saa tatu katika miezi ambayo Wamarekani wamerudisha saa zao nyuma. Kompyuta za mji huu huyapokea wenyewe wakiwa wamelala, na asubuhi ndipo hujulikana ipi imeamka salama.

Saa kumi na mbili na nusu simu ilianza kulia kabla sijamaliza mahamri na mbaazi. Saa moja na nusu nilifungua duka, punda wa mchanga wakiwa wamekwisha kuziba njia. Mteja wa kwanza alikuwa dada mwenye saiba karibu na gati, ambaye printa yake iliacha kuchapisha tangu kompyuta ilipojiwasha upya usiku. Niliondoa draiva ya zamani, yaani programu inayoiunganisha printa na kompyuta, nikaweka mpya, kazi ikaisha. Akafuata mwanafunzi ambaye laptopu yake ilikuwa imeganda kwenye maandishi yanayomkataza asiizime, naye kidole chake tayari kilikuwa juu ya kitufe cha kuizimia. Nilimzuia, kwa kuwa taa ya diski bado ilikuwa ikimetameta, dalili kwamba mafaili yanaandikwa, na mashine inayokatwa umeme katikati ya kuandika mafaili ya mfumo ndiyo hulala kwangu wiki nzima. Niliiunganisha na betri ya akiba, maana stima ya kisiwani haina ahadi, nikaiweka rafuni.

Saa tatu na robo aliingia mzee anayesimamia nyumba ya wageni kule Shela. Alikuwa amekuja kwa boti, laptopu ameifunga kwa kikoi isirushiwe maji, na salamu hazijakamilika alikuwa ameshaanza kulalamika.

"Mwanangu, mashine hii jana ilikuwa nzima. Leo inanidai namba. Nani kaweka namba humu?"

Skrini ilikuwa ya buluu, na juu yake palikuwa na ombi la BitLocker, kufuli la diski la Windows: andika ufunguo wa urejeshaji, tarakimu 48. Nilimweleza polepole kwamba hakuna aliyemvamia. Diski za laptopu nyingi za siku hizi hufungwa kwa usimbaji, yaani yaliyomo hayasomeki bila ufunguo, na chipu ya usalama iitwayo TPM ndiyo inayolinda ufunguo. Kila mashine inapowashwa, chipu hiyo huipima programu ya mwanzo iliyo kwenye ubao mama, na kipimo kikiwa kile inachokijua, hutoa ufunguo bila mwenye mashine kufahamu kwamba palikuwa na kufuli. Sasisho la usiku lilikuwa limeibadilisha programu hiyo ya mwanzo bila ulinzi kusimamishwa kwanza, kipimo kikawa kigeni, na chipu ikakataa, kama bawabu mwaminifu anayemzuia mwenye nyumba kwa sababu amenyoa ndevu.

"Basi vunja."

"Haivunjiki, mzee wangu."

Hapo akaniambia kwamba yuko fundi Malindi ambaye angeifungua kwa dakika kumi. Maneno hayo huyasikia kila fundi, na huwa yanauma kwa sababu yana nusu ya ukweli: ndani ya muda mfupi mtu yeyote anaweza kuifuta diski na kuweka Windows upya, mashine ikawaka vizuri sana, na kumbukumbu zote za wageni, malipo na nafasi zilizokwisha kuwekwa zikapotea. Mzee alikuwa na wageni wanaoshuka uwanja wa ndege wa Manda alasiri hiyo hiyo, na majina yao na vyumba vyao vilikuwa ndani ya mashine hiyo tu.

Ufunguo wa namna hii mara nyingi huhifadhiwa katika akaunti ya Microsoft ya aliyeiandaa mashine. Aliyeiandaa alikuwa mpwa wake, baharia, ambaye wakati huo alikuwa melini na simu haimpati. Nywila haikujulikana. Nilipojaribu kuirejesha akaunti, msimbo wa uthibitisho ulitumwa kwenye laini ya simu ambayo mpwa alikwisha kuiacha. Mzee aliketi kwenye kiti pekee cha wateja, na kila mpita njia aliyemsalimu alielezwa kwamba laptopu yake imezuiwa na fundi. Wateja wengine walisimama mlangoni, baadhi waliondoka. Nilipiga simu, nikaandika ujumbe, nikamuuliza maswali yale yale kwa namna tofauti: je, siku mashine inaandaliwa palichapishwa karatasi yoyote? Baada ya sala ya adhuhuri ndipo alipokumbuka kwamba mke wa mpwa, aliyeko Mombasa, ana faili la karatasi za mumewe.

Karatasi ilikuwamo. Simu ya bibi huyo, hata hivyo, ni mulika mwizi, isiyoweza kutuma picha, kwa hiyo ilibidi asome. Kwanza nilimwomba anisomee herufi na namba nane za mwanzo za kitambulisho cha ufunguo, nikazilinganisha na zilizo kwenye skrini, kwa sababu mashine moja inaweza kuwa na funguo kadhaa na ule usio wake hauna faida. Zililingana. Kisha tukaanza mafungu manane ya tarakimu sita sita, yeye akisoma, mimi nikiandika, upepo ukipiga kwenye simu yake. Fungu la tatu lilikataliwa. Kila fungu hugawanyika kwa 11 bila baki, na ndiyo maana mashine huitambua tarakimu iliyokosewa papo hapo, kabla ya kufika mwisho. Tulirudia, likakataliwa tena, kwa kuwa kwenye laini mbovu sita na tisa hazitofautiani. Nikamwomba, "Dada yangu, ikiwa ni sita niambie tano na moja." Akacheka, akasema tano na moja, na fungu likapita.

Mashine ilipofunguka sikumkabidhi mara moja. Nilinakili mafaili yote kwenye diski ya nje, nikachapisha ufunguo nakala mbili, moja akaiweke Shela na nyingine iende kwa mtu anayemwamini. Nilipomtajia malipo akasema nimebonyeza namba tu, tena namba zenyewe kasoma mke wa mpwa wake. Alilipa, lakini alikata nauli ya boti.

Baada ya hapo sikuitazama saa tena. Stima ilipotea na kurudi. Laptopu ya mwanafunzi ilishindwa kumaliza sasisho na ikayarudisha mabadiliko yote, kazi iliyochukua muda mrefu kuliko sasisho lenyewe; diski ilikuwa imejaa, nikaisafisha, nikaendesha DISM, zana ya Windows yenyewe, kukarabati akiba ya mafaili ya mfumo, kisha sfc, zana ya kuyakagua mafaili hayo, na safari ya pili ikafaulu. Aliomba niyazime masasisho daima, kama wanavyoomba karibu wote. Hilo silifanyi. Tundu ambalo WannaCry, programu haribifu, ilipitia Mei 2017, ikazisimamisha kompyuta za hospitali nyingi za Uingereza, lilikuwa limetolewa sasisho la kuliziba tangu Machi. Nilichomfanyia ni kuitambulisha intaneti ya simu yake kuwa ya kupimwa, ili masasisho yasimalize bando, na kumwonesha kwamba yanaweza kuahirishwa hadi wiki tano kipindi cha mitihani.

Wa mwisho alikuwa mwalimu mwenye kompyuta ya Windows 10, nzima kabisa, isiyo na tatizo lolote isipokuwa kwamba msaada wa kawaida wa mfumo huo ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka TPM 2.0 na kichakataji kisicho cha zamani sana, na yake inakosa kimoja kati ya hivyo. Zipo njia za kuilazimisha, lakini mashine iliyolazimishwa haina uhakika wa kupata masasisho ya baadaye, na mtu huyo hutunza alama za darasa zima. Kwa maoni yangu ni israfu kuitupa kompyuta inayofanya kazi kwa ajili ya chipu moja, nikampendekezea Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows. Aliuliza kama ataweza kuandika maazimio ya kazi humo, nikamfungulia LibreOffice, programu ya kuandikia, kwenye mashine yangu, akaandika ukurasa mzima huku mimi nikifagia. Kesho asubuhi kompyuta yake ndiyo ya kwanza, mradi alete diski ya nje ya kuhifadhia alama.