Taa hainiamshi, soksi huniamsha

Kila niliyemwambia kwamba mimi ni kiziwi na nalala peke yangu alinipa ushauri uleule: funga taa ya kumweka, moto ukitokea utaamka. Wote wanasikia. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuamshwa na taa.

Nikawasikiliza, kwa namna yangu. Nikafunga balbu za waifai na kuziunganisha na king'ora cha moshi: moshi ukitokea zimweke nyekundu, kengele ya mlango ikibonyezwa ziwake bluu. Mchana ilikuwa raha. Naosha vyombo, ukuta unageuka bluu, nakwenda mlangoni kama mwenye masikio yake. Nilijigamba wiki nzima.

Mdogo wangu akaja kulala kwangu. Saa nane usiku akabonyeza kitufe cha majaribio cha king'ora huku amejiziba masikio. Mimi nilikuwa kifudifudi, shuka hadi kisogoni, usingizi wa pono. Akanipiga video: chumba kizima kinamweka kama disko, mimi nageuka upande wa pili, najikuna goti, naendelea. Video hiyo bado anayo, na kila sikukuu anaitoa.

Ndipo nikanunua kitetemeshi cha kitandani, kidude kinachotikisika king'ora kikilia. Bei inauma, ila ni chini ya simu nzuri. Maelekezo yalisema kiwekwe chini ya godoro. Godoro langu nene. Nilihisi kama paka anakoroma miguuni. Nikakitia ndani ya foronya, usiku wa tatu kikaangukia sakafuni, kikawa kinaamsha vigae. Jibu lilikuwa soksi. Ile nzito ya baridi, kitetemeshi ndani, nikaishona kwa nyuzi chache ndani ya foronya, panapolala shingo. Jaribio la kwanza niliruka nikampiga mdogo wangu kidevu. Alistahili.

Chagua king'ora kinachowasiliana na kitetemeshi moja kwa moja kwa mawimbi ya redio, vyote viwe na betri. Umeme ukikatika, waifai na balbu zako huzima pamoja. Rafiki yangu anayesikia kidogo amepata king'ora cha sauti nzito, hezi 520, kwa sababu vile vya kawaida hulia kwa sauti nyembamba ya karibu hezi 3,000, na hiyo ndiyo wengi tunaipoteza kwanza.

Simu nayo? iPhone hutambua sauti za karibu, kama king'ora, na kukujulisha tangu 2020, lakini Apple wenyewe wanaonya usiitegemee penye hatari. Ya kwangu iliwahi kunijulisha kwamba mtoto analia. Sina mtoto. Nilimtafuta nyumba nzima. Alikuwa paka dirishani.

Shida iliyobaki ni kufua. Kitetemeshi cha kwanza nilikisahau ndani ya foronya kikaingia kwenye mashine ya kufulia. Siku hizi soksi naifunga kwa vifungo viwili, sishoni tena.