Tangambili ya Machi kati ya Unguja na Bara

Upepo wa kaskazi, ambao kuanzia Disemba huvuma karibu bila kupumzika, huanza kuchoka mwezi wa Machi, na kabla kusi haijashika zamu hupita siku ambazo wavuvi huziita tangambili, kwa kuwa upepo hugeukageuka na wakati mwingine hukatika kabisa. Katika mlango wa bahari unaoitenga Unguja na bara, siku hizo huwa shwari ya kumtamanisha hata asiyejua kuogelea. Mimi huzingoja mwaka mzima, ingawa imenichukua muda kukubali kwamba bahari iliyotulia inaweza isikupe samaki hata wa mchuzi.

Siku hizi ninautazama mwezi kwanza, upepo baadaye. Maji ya bamvua, yanayofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hupanda na kushuka kwa takriban mita 4, na yale ya Machi, karibu na siku ambapo mchana na usiku hulingana, huwa miongoni mwa makubwa kabisa ya mwaka. Maji hayo hujaa kiasi cha saa kumi alfajiri na kupwa kiasi cha saa nne asubuhi, hivyo anayechelewa kutoka Mkokotoni, kaskazini mwa Unguja, hukuta ngalawa yake imelala juu ya matope.

Mwaka jana nilimsihi nahodha wangu, mzee wa Tumbatu ninayemwita Ami, tutoke siku ya pili baada ya mwezi mpevu, kwa sababu bahari ilikuwa kama kioo. Chubwi, ule uzito wa kuzamisha mshipi wa kuvulia, haikukaa chini hata kidogo; mkondo uliuchukua mshipi ukalala ubavu, nanga ikaburutwa hadi karibu na kipwa, fungu linaloibuka maji yakipwa, na tukarudi na changu watatu na tasi mmoja. «Haya maji ni ya wanaovua pweza, mwanangu, si yetu,» aliniambia, akanielekeza kwa kidevu waliokuwa wakitembea juu ya mwamba na vijiti vyao.

Tangu hapo nimechagua maji mafu, juma moja hivi baada ya mwezi kuandama, ambapo tofauti ya kujaa na kupwa hushuka hadi kiasi cha mita moja na mkondo hulegea. Maji hujaa karibu saa nne asubuhi, nasi hutega mshipi katika ile saa yanaposimama kabla ya kugeuka. Faida nyingine ni chambo: vyombo vya dagaa, ambavyo hupumzika wakati wa mbalamwezi kwa kuwa taa zao hazifui dafu mbele ya mwezi, huwa vimetoka kufanya kazi siku za giza, na samaki wadogo aina ya vibua hupatikana diko, pale vyombo vinaposhusha samaki, kwa bei ya kuvumilika.

Joto ndilo linalobaki kunisumbua. Maji ya juu hufikia nyuzi 29 hadi 30 za Selsiasi, na katika miaka ya 1998 na 2016 yalizidi hata matumbawe yakageuka meupe. Kwa uzoefu wangu, kuanzia saa tano changu huacha kula mwambani, hivyo mimi husogea nje kwenye ukingo wa kina, nikiwa na barafu ya kutosha, maana ngisi wa chambo huoza upesi kuliko mtu anavyodhani.

Masika nayo haipigi hodi. Wingu jeusi likianza kujikusanya upande wa Saadani, kule bara, Ami hukunja mshipi wake bila kuniuliza, nami siku hizi simbishii.