Kuchonga usiku wa Boston, 1770: mradi umefika hapa

Upande wa askari umekamilika, isipokuwa kapteni wao. Nimeuchonga kushoto kwa ubao ili utoke kulia kwenye karatasi, na jana nimepiga chapa ya kwanza ya majaribio. Kwa mnaoanza kufuatilia leo: nachonga kwenye plaiwudi tukio la Machi 5, 1770, mtaa wa King mjini Boston, Marekani ilipokuwa bado koloni la Uingereza, pale wanajeshi wa Uingereza walipowafyatulia risasi watu wa mji. Crispus Attucks, Samuel Gray na James Caldwell walikufa palepale. Samuel Maverick, kijana wa miaka 17, alifariki asubuhi yake, na Patrick Carr siku tisa baadaye.

Wengi tunalijua tukio hili kwa picha ya Paul Revere, aliyoichonga kwenye bamba la shaba na kuiuza mwezi huohuo. Mchoro aliunakili kutoka kwa msanii Henry Pelham bila idhini yake, na Pelham akamwandikia barua kali. Revere alijua anachokitaka: askari wamenyooka mstari mmoja, wanafyatua kwa pamoja, na Kapteni Thomas Preston yuko nyuma yao ameinua upanga. Juu ya Ofisi ya Forodha kuna kibao kinachoiita nyumba ya mchinjaji. Anga ni la buluu.

Kumbe ilikuwa kama saa tatu usiku, barafu na theluji chini. Askari mlinzi, Hugh White, alikuwa amempiga kijana mmoja kwa bunduki, watu wakamzonga. Kengele zikalia, wengine wakatoka wakidhani kuna moto. Yakarushwa mabonge ya theluji, vipande vya barafu, marungu yakaonekana. Preston akaja na askari wachache kumnusuru mlinzi. Montgomery, mmoja wao, akaangushwa, akainuka, akafyatua. Kikapita kitambo kidogo, ndipo wenzake wakafuata.

Kwa hiyo mstari wa Revere nimeuvunja. Askari wangu wamebanana, mmoja bado yuko goti moja chini. Siwatetei. Jeshi lilikuwa mjini tangu Oktoba 1768 kulinda maofisa wa ushuru ambao watu waliuchukia, na siku chache tu kabla, mtoto Christopher Seider alikuwa ameuawa kwa risasi. Lakini naamini hofu iliyokuwa pale mtaani inatisha kuliko gwaride.

Usiku wenyewe haukunisumbua. Kwenye chapa ya ubao, unachokichonga hubaki cheupe, usichokigusa hushika wino. Anga nimeliacha zima. Kazi ilikuwa theluji: patasi ndogo, vipande vifupi vifupi, maana plaiwudi ukiivuta kwa pupa tabaka la juu linabanduka.

Kinachonikosesha usingizi ni uso wa Attucks. Alikuwa baharia mwenye asili ya Kiafrika na ya wenyeji wa Amerika, na kwenye picha ya Revere huwezi kumtambua kati ya walioanguka. Mwaka 1856 ilitoka picha nyingine ya chapa iliyomweka katikati kabisa, wakati ambao wapinga utumwa wa Marekani walikuwa wakimkumbuka kama shujaa. Nami namweka katikati. Ila uso mweusi mbele ya usiku mweusi utaonekanaje? Kumzungushia mstari mweupe nimekataa, anakuwa kama kibandiko. Nimejaribu kwenye kipande cha pembeni kuuacha mwanga wa theluji umpande kutoka chini: mkato mmoja chini ya kidevu, mwingine kwenye shavu, na mmoja mwembamba juu ya kope. Nilipokandamiza karatasi kwa mgongo wa kijiko, alitokea mtu. Ndivyo nitakavyomchonga.

Amebaki Preston. Mashahidi walipingana kama alitoa amri, na mahakama ilimwachia. Askari sita nao waliachiwa. Montgomery na Matthew Kilroy wakachomwa alama kwenye kidole gumba kwa kuua bila kukusudia. Preston mwenyewe alisema alisimama mbele ya bunduki, kwa hiyo namtoa kule nyuma alikowekwa na Revere. Mkono wake sijauamua bado. Nitauchora kwa penseli kwanza, kisha nianze umati.