Siku moja maishani mwangu: nyuma ya dirisha la methadoni

Saa 11:30 alfajiri. Kabati la methadoni, dawa tunayowapa wanaoacha heroini, tunalifungua wawili. Mmoja anapima, mwenzake anaandika daftarini. Ikipungua mililita chache tu, hakuna anayetoka mpaka hesabu ijulikane.

Saa 12 asubuhi. Dirisha wazi. Mteja anataja jina, anakunywa dozi mbele yangu, anashushia maji, halafu namsemesha chochote ili nijue amemeza. Methadoni humshikilia mtu kama siku moja hivi, ndiyo maana kesho atarudi, na keshokutwa. Walio wengi wanamaliza chapchap na kuwahi vibarua.

Ila jaribu kusimama kwenye foleni hiyo huku sauti kichwani zinakuambia aliye nyuma yako katumwa akumalize.

Saa 2. Huyo ndiye niliyekuwa namngoja. Mimi humwita mdogo wangu, yeye huniita dada. Ana skizofrenia, ule ugonjwa wa akili unaoleta sauti kichwani, na leo ni siku ya tano tangu anywe mara ya mwisho. Kofia kaishusha hadi kwenye nyusi, miayo haikatiki, pua inachuruzika, vinyweleo vya mikono vimesimama. Arosto, maumivu ya kukosa dawa. Dozi yake ya zamani siwezi kumpa: siku kadhaa bila dawa, mwili unapoteza uzoefu, na kiasi kilichomtuliza wiki iliyopita leo kinaweza kumkata pumzi. Lazima daktari amwone, aanzie chini. Namweleza polepole.

"Dada, kwa hiyo naadhibiwa kwa kuumwa?"

Nikamsogezea kiti.

Saa 4. Daktari anaagiza kipimo cha umeme wa moyo, kwa sababu methadoni inaweza kuvuruga mapigo, na haloperidoli anayotumia kwa ajili ya zile sauti nayo ni hivyo hivyo. Nimeona hatari hii ikitumika kama kisingizio cha kumkatalia mtu dawa. Mimi naona ni sababu ya kumpima, basi. Hata wanaotumia benzodiazepini, dawa za kutuliza wasiwasi na kuleta usingizi, ambazo zikichanganyika na dawa za jamii ya afyuni kama methadoni ni hatari kweli, mamlaka ya dawa ya Marekani ilishauri mwaka 2017 wasinyimwe methadoni wala buprenofini, dawa nyingine ya kutibu uraibu huo, kwa sababu hiyo tu, maana kumwacha mtu bila tiba mara nyingi ndiko kunakoua.

Saa 5. Napiga simu kliniki ya akili. Jibu ni lile lile: "Aache unga kwanza, ndipo tumwone." Ningekasirika zaidi kama fomu yetu wenyewe isingekuwa mezani. Anayetaka dozi za kwenda nazo nyumbani, inasema, awe "ametulia kiakili". Yaani foleni ya kila siku tumemwachia yule yule asiyeiweza. Fomu hiyo niliisaidia kuiandika mimi.

Saa 7. Mapumziko, dakika kumi.

Saa 8 mchana. Mama mmoja ambaye dozi yake imekuwa haimfikishi jioni. Kwenye faili tulishamwandika "anaongezea mtaani". Leo, baada ya kuzungukazunguka, anatoa mkobani pakiti ya kabamazepini. Kaandikiwa kule kliniki ya akili kwa ajili ya hisia zinazopanda na kushuka. Dawa hiyo hulifanya ini liichome methadoni haraka, kwa hiyo arosto yake ilikuwa ya kweli. Kule hakusema anakunywa methadoni, huku hakusema anatibiwa akili. Aliogopa kufukuzwa pande zote mbili, na kwa niliyosikia kwenye simu leo, sikuweza kumwambia alikosea. Naikata ile sentensi kwa kalamu nyekundu, naweka sahihi pembeni.

Saa 9:30. Namwomba msimamizi amruhusu mdogo wangu awe anakuja saa 4, foleni ikiisha, apitie mlango wa nyuma. Anakubali wiki mbili za majaribio.

Saa 10 jioni. Tunahesabu tena, mililita zimetimia. Mwenzangu anaiona kadi ya mdogo wangu yenye saa mpya. "Na wengine wakitaka hivyo hivyo?"

"Waje saa 4," nikamwambia, nikamkabidhi ufunguo wake.