Blogu ya Kozi Inahitaji Wasomaji Kwanza

Blogu nyingi za kozi hudorora mapema katika muhula, na teknolojia si ya kulaumiwa. Hazina wasomaji. Mwanafunzi anaandika, mhadhiri anaweka tiki, kisha darasani hakuna anayetaja kilichoandikwa. Chapisho la pili linakuwa fupi kuliko la kwanza, na la tatu limenakiliwa kutoka mahali fulani.

Kwa hiyo panga wasomaji kabla ya kuchagua jukwaa. Tuseme darasa lina wanafunzi 24. Wagawe katika makundi manne ya watu sita sita. Wiki hii kundi moja linaandika, la pili linajibu, la tatu linatafuta chanzo kipya kinachounga mkono au kupinga kilichoandikwa, na la nne linasoma tu. Wiki inayofuata majukumu yanazunguka. Kwa wiki nane kila mmoja ataandika mara mbili, nawe utasoma machapisho sita kwa wiki badala ya 24. Mhadhiri aliyechoka huacha kusoma, na wanafunzi hulijua hilo haraka sana.

Saa nazo zina uzito wake. Kama kipindi ni Alhamisi asubuhi, machapisho yawe tayari Jumatatu jioni na maoni yaingie kufikia Jumatano mchana. Ukiweka muda mmoja wa mwisho kwa vyote viwili, kila kitu kitamiminika usiku wa manane na wajibuji hawatakuwa na cha kujibu.

Swali ndilo roho ya zoezi. “Fupisha sura ya tatu” litakuletea machapisho sita yanayofanana. Uliza hivi: “Ni dai gani katika sura ya tatu lina ushahidi dhaifu kuliko mengine? Nukuu sentensi yenyewe, ueleze udhaifu wake.” Maneno 300 hadi 400 yanatosha, yakizidi hapo, wenzao hurukaruka aya.

Maoni ya aina ya “hongera, nimeipenda” hayafundishi mtu. Kila maoni yanukuu sentensi moja ya mwandishi, kisha yaongeze mfano, pingamizi au swali. Na wewe mhadhiri, tafadhali usitangulie kujibu. Ukishasema, wanafunzi huona jibu limepatikana, na mjadala unaishia hapo. Subiri kipindi, onyesha maoni mawili ukutani, umwombe mwandishi ayajibu kwa mdomo.

Alama ziwe 0, 1 na 2: hakuna kazi, kazi ipo ila haikujibu swali, kazi ina hoja na ushahidi. Usahihishaji wa kina uwekee chapisho moja ambalo mwanafunzi atalichagua na kuliandika upya mwisho wa muhula. Alama zenyewe zisionekane kamwe kwenye blogu.

Katika WordPress, jukwaa la kutengenezea blogu, mwenye nafasi ya mchangiaji huandika lakini hawezi kuchapisha, wala kupakia picha. Lalamiko la picha ndilo litakalokufikia kwanza, na dawa yake ni kumpa nafasi ya mwandishi. Kategoria za kila wiki zitengeneze mwenyewe, maana mchangiaji na mwandishi hawawezi kuziunda; la sivyo wanafunzi watajitungia lebo, nawe utakuta “Wiki ya 2”, “wiki2” na “Wiki ya pili” zimetawanya kazi moja sehemu tatu.

Mpangilio wa kuzuia injini za utafutaji ni ombi tu, si kufuli. Ukitaka faragha, weka nenosiri au ruhusu wanachama pekee. Hata hivyo waruhusu watumie majina ya kalamu, na orodha ya majina halisi ikae nje ya blogu. Matangazo yawe na ukurasa wake. Tangazo la kubadilisha chumba likichanganywa na machapisho sita huzama siku hiyo hiyo.

Muhula ukiisha, hamisha kazi zote kabla ya kufunga tovuti. Faili la XML linalotolewa na WordPress lina maandishi na maoni, lakini picha zimo kama viungo tu. Zipakue kando, na kila mwanafunzi apewe nakala ya kazi yake.