Robo nne za ukoo wa Zollern: safari ya Hechingen

Mlima wa ngome ya Hohenzollern, kusini mwa Ujerumani, ni mita 855 tu, mtu wa Marangu akiuona atacheka, ila ulivyosimama peke yake nje ya mji wa Hechingen na ngome juu yake huwezi kuukosa hata ukitaka. Tulitoka Stuttgart asubuhi na treni ya kupitia Tübingen, mimi na dada mmoja wa Tanga anayeishi huko siku nyingi, na kazi yake njia nzima ilikua kunisukuma tu, "twende kaka Ujerumani hii basi halimsubiri mtu". Baridi ilikua ya kukata masikio. Kutoka maegesho tukapanda kwa miguu, mwinuko haumalizi, unazunguka zunguka geti baada ya geti, na hapo ndo unaelewa kwanini mtu wa zamani alichagua kujenga huku.

Wenye ngome ni ukoo wa Hohenzollern, zamani wakiitwa Zollern tu, wale wale alikotoka Kaiza Wilhelm, mfalme mkuu wa Ujerumani wakati wa ukoloni. Jina lao linaonekana kwenye maandishi mara ya kwanza mwaka 1061, na habari yenyewe sio nzuri, wanatajwa Burkhard na Wezil wa Zollern kwamba wameuawa. Ngome ya kwanza ilivunjwa 1423 baada ya miji ya Swabia (ndo eneo hilo la kusini) kuizingira karibu mwaka mzima, na chanzo kilikua ndugu wawili kugombania mali (hapo dada akaguna, akasema kumbe hata wafalme wana kesi za urithi). Ikajengwa ya pili 1454, nayo ikaja kuchakaa ikabaki magofu. Kwa hiyo hii ninayoipiga picha, minara mirefu kama ya hadithi za watoto, ni ya tatu na ni ya juzi tu, imejengwa kati ya 1846 na 1867. Friedrich Wilhelm wa Nne, wa tawi la ukoo lililotawala Prussia, ufalme wa Kijerumani wa kaskazini, alipita hapo 1819 akiwa bado kijana, akaona magofu ya mababu zake, akaondoka na wazo, na alipokuja kuwa mfalme akamwita msanifu Stüler akamwambia jenga. Mi naona hapo kuna ujanja flani, maana wakati huo ukoo ulishahamia kaskazini zaidi ya miaka mia nne, unarudi kijijini unajenga nyumba ya kizamani kuliko ya zamani yenyewe ili wageni wajue umetoka wapi.

Sasa ukiingia ndani chumba cha kwanza kimenimaliza. Kuta zote zimechorwa mti wa ukoo, majina na ngao juu ya ngao mpaka shingo inauma, na hapo ndo nilikaa muda mrefu wakati wenzangu wamepita. Ngao ya Zollern ni rahisi kuliko zote, unaigawa robo nne, nyeupe nyeusi, chini yake nyeusi nyeupe, basi. (Ile nyeupe kwa sheria zao ni fedha, mchoraji akikosa fedha anapaka nyeupe.) Halafu kila walipopanda cheo ngao ikaongezeka vitu. Walipopata usimamizi wa ngome ya Nürnberg akaja simba mweusi kwenye dhahabu, amezungushiwa ukingo wa vipande vyekundu na vyeupe. Mwaka 1415 Friedrich, msimamizi wa Nürnberg, akapewa Brandenburg, jimbo la kaskazini, pamoja na kura ya kumchagua mfalme wa dola ya Kijerumani ya zamani, akaja tai mwekundu. Prussia ndo tai mweusi, na 1701 wakajiita wafalme kule Königsberg. Yani mtu anayejua kusoma ngao hahitaji kitabu, anaangalia mnyama gani kaongezeka anajua wameshika wapi.

Ila stori niliyoipenda ni ya mbwa. Juu ya ngao huwa kuna kofia ya chuma na juu ya kofia kuna pambo, na pambo la hawa ni kichwa cha mbwa wa kuwindia. Hawakurithi! 1317 Friedrich wa Nürnberg alikinunua kwa bwana mwingine, Leutold wa Regensberg, mark 36 za fedha. Alama ya heshima ya ukoo wa mtu inauzwa kama ng'ombe, mkononi, na mnunuzi anaivaa mpaka leo.

Hapo hapo nikatoa simu nikamuonyesha dada picha niliyokua nayo, ile pesa ya shaba ya kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki ya 1890, zile ambazo 64 zilikua zinafanya rupia moja. Upande mmoja Kiarabu, upande mwingine tai wa dola. Na tai wa dola alichorwa hivi: kifuani ana ngao, ndani ya ngao kuna tai mwingine wa Prussia, na kifuani kwa huyo tai mdogo kuna kingao kidogo sana, robo nne. Tukavuta picha mpaka ikawa ukungu, imelika lakini ndo hiyo hiyo ya ukutani. Dada kimya, afu akasema "kwa hiyo bibi zetu walikua wanalipia chumvi na ukoo wa hapa". Sikua na la kuongeza. Mwaka 1889 tu, mwaka mmoja kabla, Hans Meyer alifika juu ya Kibo akakiita kilele jina la Kaiza Wilhelm, ndo hiki tunachokiita Uhuru.

Vyumba vingine nilipita haraka, ukumbi wa nguzo za marumaru nyekundu ni mzuri, saluni ya buluu imejaa mno kwa macho yangu. Chini kwenye hazina kuna taji la Prussia alilotengenezewa Wilhelm wa Pili 1889, almasi 160, na hajawahi kutawazwa nalo hata siku moja, limekaa tu. Novemba 1918 akakimbilia Uholanzi, akafia huko Doorn 1941.

Kwenye kanisa la Kiprotestanti hapo hapo ndani alilala Friedrich Mkuu, yule mfalme maarufu wa Prussia, na baba yake kuanzia 1952, majeneza yalishazungushwa mpaka kwenye mgodi wa chumvi kipindi cha vita, na 1991 Ujerumani ilipokua imeungana yakarudishwa Potsdam. Nilimuuliza dada kama ukoo bado upo, akacheka, upo kaka na ngome ni yao bado, theluthi mbili ya watu wa Prussia na theluthi moja ya tawi la Swabia, ila tangu 1919 uprinsi ni sehemu ya jina la ukoo tu, unaandikwa kwenye kitambulisho kama Juma au Mushi. Kiingilio wanapokea lakini.